Mji Usio na Mabonde: Kusoma Fani ya Postikadi za Kampala

Panga mezani postikadi za Kampala zilizochapishwa tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi miaka ya 1970, utaona mji wa vilima peke yake. Hapa Namirembe na kanisa kuu la Kianglikana, pale Rubaga na minara yake miwili, halafu Kasubi na makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda, Kibuli na msikiti wake mweupe, Makerere na jengo kuu la chuo, Nakasero na ofisi za serikali. Kila kadi ina kilima chake na kila kilima kina jengo lake. Sasa uliza: Nakivubo iko wapi? Katwe je? Kisenyi? Aliyeizunguka Kampala kwa miguu anajua kwamba mji wenyewe uko huko chini, kwenye soko, stendi za taksi, mafundi bati, gereji, wakaanga chapati, na maji ya mvua yanayotafuta njia ya kwenda ziwani. Postikadi zimeruka kutoka kilima hadi kilima, bonde zikaliacha.

Wengi wakiliona hilo huunyoshea ukoloni kidole, na hawakosei. Tatizo ni kwamba huishia hapo. Wanahukumu maudhui, fani hawaigusi. Katika riwaya na ushairi tumezoea kuuliza jambo limesemwaje kabla ya kuamua limesemwa nini, lakini tukishika postikadi tunasahau mafunzo yetu yote. Tunauliza ni jengo gani, ni mwaka gani, inauzwa bei gani. Mimi nadai kwamba bonde la Kampala halikusahauliwa na mtu mmoja mmoja aliyeshika kamera. Lilifutwa na kanuni za fani yenyewe, na kanuni hizo zimeendelea kufanya kazi hata baada ya bendera kubadilishwa mwaka 1962.

Tuanze na mwili wa kitu chenyewe. Postikadi ya kale ina upana wa takriban sentimita 14 na kimo cha sentimita 9. Mwanzoni upande wa nyuma ulikuwa wa anwani tu, na mwenye neno la kusema alilibana pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu nyuma igawanywe sehemu mbili mwaka 1902, kushoto maneno, kulia anwani, na nchi nyingine zikafuata katika miaka michache. Mgawanyo huo ulibadili mambo mengi. Picha ilipata uso mzima kwa ajili yake, haikuhitaji tena kumwachia mwandishi nafasi. Ikawa imefungwa na kukamilika, imejitosheleza, na chini yake au nyuma yake pakabaki mstari mmoja tu wa maandishi, wa kutaja mahali. Mwandishi akahamishiwa mgongoni.

Uganda iliingia katika biashara hii wakati mwafaka kabisa. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli zilivuka ziwa hadi Entebbe na Port Bell. Wasafiri walikuja, na wasafiri hununua kadi. Pwani tayari kulikuwa na wapiga picha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho huko Zanzibar. Entebbe alikuwepo Alfred Lobo, naye pia Mgoa, ambaye jina lake bado linaonekana kwenye kadi nyingi za Uganda za miaka ile. Wamisionari wa White Fathers walitoa kadi zao kwa Kifaransa, wakizisambaza kwa wafadhili wa misheni. Kadi nyingi za wakati huo zilichapishwa Ulaya: picha ilisafiri kwa meli, ikapangiwa maneno na mtu ambaye hakuwahi kupanda mlima wa Namirembe, kisha ikarudi dukani. Ndiyo maana tahajia za majina kwenye kadi hizi huyumba, na ndiyo maana maelezo yake ni makavu kiasi kile. Aliyepanga herufi hakuwa na la kuongeza.

Chukua kadi ya kanisa la Namirembe lile la mwaka 1904, ambayo wakusanyaji wanaijua vizuri. Kuta ni za matofali, lakini paa ni la nyasi, limepanda juu sana na kumalizikia kwa vilele vyenye ncha. Kwa jicho la leo ni jengo la kushangaza: mwili wa Kiingereza, kichwa cha Kiganda, na kichwa ndicho kinachotawala picha. Mpiga picha amesimama chini kidogo ya jengo ili paa lichome anga. Mbele yake kuna uwanja mtupu au njia, na kwenye njia, watu wachache waliovaa kanzu, wadogo, wamesimama wima. Ukiwatazama kwa kioo cha kukuzia huoni uso hata mmoja unaosomeka. Wamewekwa pale wawe rula, ili mnunuzi wa Bristol au Liverpool aweze kukadiria ukubwa wa paa. Hii ni kanuni ya kwanza ya fani: mtu huingia kwenye kadi ya jengo kama kipimo.

Kanuni ya pili iko kwenye mstari wa maandishi. Kadi hutaja jina la kanisa na nchi, basi. Kanisa hilo la 1904 liliungua kwa radi mwaka 1910. Lililopo leo, lenye kuba, lilikamilika mwaka 1919. Kwenye kadi yote mawili yanaitwa kwa jina lilelile, na mara nyingi bila tarehe, kana kwamba juu ya kilima kile pamekuwa na jengo moja tangu milele. Msomaji anayetaka historia hana budi kuisoma kwenye paa: nyasi ni kabla ya moto, kuba ni baada. Kadi haiungui, haijengwi, haimwajiri fundi. Hutaja kitu kilichopo. Ile miaka kati ya 1910 na 1919, waumini waliposali huku wakichanga fedha na kubeba matofali, haina nafasi kwenye sentimita 14.

Na kanuni ya tatu, kubwa kuliko zote, ni kimo cha jicho. Postikadi ya mandhari ya Kampala hupigwa kutoka juu. Kwa nini? Jibu la haraka ni kwamba mji una vilima, na mwenye kilima hukitumia. Lakini kilima cha Kampala yenyewe, kile tunachokiita leo Old Kampala, kina historia yake ya kutazama. Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard, wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alipiga kambi juu yake, akajenga ngome ikiielekea Mengo, ikulu ya Kabaka Mwanga. Januari 1892, katika vita vya Mengo, bunduki ya Maxim ilifyatua kutoka huko. Mwaka 1908 makumbusho ya kwanza ya Uganda yalianzia hapohapo, kwenye ngome. Leo juu yake upo Msikiti wa Taifa uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, na mgeni hulipa, akapanda ngazi za mnara, akapiga picha ya mji wote kwa simu. Bunduki, makumbusho, mnara: vitu vitatu tofauti kabisa kwa nia na kwa heshima, lakini mahali pa kusimama ni pamoja na pembe ya jicho ni ileile.

Simaanishi kwamba Lobo au mwenzake yeyote alikuwa askari. Alikuwa fundi aliyetafuta riziki, na kazi yake ilikuwa nzuri. Ninachosema ni kwamba mahali pa kusimama pana mantiki yake, na fani hurithi mahali. Ukitazama kutoka juu, unauona mji kama kitu kimoja, umekamilika, unaweza kuhesabiwa. Barabara zinakuwa mistari na paa zinakuwa vipande. Bonde linakuwa kivuli kati ya vilima viwili, na kivuli hakiuziki. Kwa mbinu za uchapaji za enzi ile, umbali wenyewe uliyeyuka kuwa ukungu wa kijivu. Kwa hiyo hata pale bonde lilipoingia ndani ya fremu, lilitoka mtamboni likiwa limefifia.

Kuna mahali pamoja ambapo fani hii inashindwa waziwazi, nami napenda kukaa hapo kwa sababu kushindwa kwake kunafundisha zaidi ya kufaulu kwake. Ni Kasubi. Muteesa wa Kwanza alijenga ikulu yake huko mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humohumo ndani ya nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga. Baada yake wakalala humo Mwanga, aliyefia uhamishoni Ushelisheli, Daudi Chwa, na Muteesa wa Pili, aliyefia London mwaka 1969 na kurejeshwa mwaka 1971. Kwa hiyo makaburi haya yanabeba mambo yote ambayo kadi ingependa kuyabeba: ufalme, kifo, usanifu, utalii. Na kadi za Kasubi ni nyingi. Zote, isipokuwa chache, zinaonyesha kitu kimoja: paa. Kuba kubwa la nyasi linaloshuka karibu kugusa ardhi, mlango mweusi katikati, pengine mwanamke ameketi kwenye mkeka pembeni.

Sasa soma nyumba kwa mpangilio wake. Nyumba hiyo yenye kipenyo cha kama mita 31 imejengwa iingiwe kwa kuinama, bila viatu, na uketi chini kwenye mikeka. Juu ya kichwa chako kuna pete 52 za mitende na nyasi zinazobeba paa, kila pete ikisimama kwa ajili ya ukoo wa Buganda. Huzioni kutoka nje. Nguzo zimevikwa lubugo, nguo inayotengenezwa kwa gome la mti. Mbele yako kuna pazia kubwa la lubugo hiyohiyo, na nyuma ya pazia ni Kibira, msitu, ambako Makabaka wanasemwa kuwa wameingia, na ambako mgeni haingii. Kuezeka paa ni haki ya ukoo wa Ngeye. Mapambo ya ndani ni kazi ya ukoo wa Ngo. Yaani maana yote ya jengo imepangwa kutoka nje kuelekea ndani, na mwisho wa safari ni pazia linalokuambia usione. Fani ya postikadi inafanya kinyume: inataka kila kitu kiwe usoni. Inapofika Kasubi inaonyesha kofia, kichwa haikioni.

Usiku wa Machi 16, 2010 nyumba hiyo iliungua. Watu walilia barabarani. Makaburi yalikuwa yameingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Baada ya moto yakahamishiwa orodha ya urithi ulio hatarini, yakaondolewa humo Septemba 2023 baada ya miaka mingi ya ujenzi. Katika siku zile za msiba picha za kadi za zamani zilikuwa na thamani kubwa kwa macho yetu, na bado zinayo. Lakini hebu jiulize fundi wa Ngeye angejifunza nini kwenye kadi. Angeona umbo la nje, mteremko, kimo cha mlango. Namna ya kufunga mafungu ya nyasi, ni nani anaanza, ni nani haruhusiwi kukaribia wakati kazi inaendelea, hayo yote yako kwenye mikono na vinywa vya watu. Nyumba ilirudi kwa sababu ukoo ulikuwepo, na hilo hakuna kadi ingeweza kulifanya.

Tugeuze kadi sasa. Mara nyingi wahakiki wa picha hawaigeuzi, na maonyesho mengi hubandika kadi ukutani uso mbele, mgongo umeachwa gizani. Ni kosa kubwa. Nyuma ndiko wakati unakoingia: muhuri wa posta, tarehe, mwandiko, na stempu. Kwa Uganda stempu ni somo peke yake, kwa sababu kwa miongo mingi nchi ilitumia stempu za pamoja na Kenya na Tanganyika. Kadi ya Kampala ingeweza kubeba mgongoni Mlima Kilimanjaro au jahazi la ziwani. Katika seti ya mwaka 1935, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, stempu ya senti 30 ilionyesha daraja la reli la Jinja karibu na maporomoko ya Ripon. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alipokuja kufungua bwawa la Owen Falls, ilitolewa stempu ya ziara hiyo, bei yake vilevile senti 30, nayo ilionyesha bwawa. Bwawa ndilo lililoyazamisha maporomoko ya Ripon. Weka stempu hizo mbili sambamba na utaona kivutio kikimmeza kivutio kingine kwa bei ileile, bila neno la maelezo. Hakuna uso wa postikadi unaosimulia mabadiliko kwa ufasaha wa namna hiyo.

Ninayo kadi moja ya rangi ya Kampala Road, kazi ya miaka ya 1960, ya aina iliyokuwa ikitolewa kwa wingi na studio za Nairobi kama Pegas na Sapra. Haikutumwa popote. Mgongo wake ni mweupe: mstari wa kugawa katikati, kisanduku cha stempu, mistari minne ya anwani, na juu kushoto jina la barabara na mji kwa herufi ndogo. Mtu aliinunua akaihifadhi. Usoni, nusu ya picha ni anga ya buluu iliyokolezwa kuliko anga yoyote niliyowahi kuiona juu ya Kampala. Barabara ni pana, magari ni machache, kivuli cha mti kimeangukia lami. Hapa kamera imeshuka kilimani, imefika mtaani, na kwa muda unadhani fani imebadilika. Haijabadilika. Upana wa barabara umechukua kazi ya kimo: umemweka kila mtu mbali. Mwenye baiskeli upande wa kushoto amekatwa na ukingo, gurudumu la mbele limo, yeye mwenyewe hayumo.

Lakini pembeni, juu ya vibaraza vya maduka, kuna mabango. Mpiga picha hakuyalenga. Yameingia kwa sababu barabara haiwezi kupigwa bila maduka yake. Majina ya wenye maduka yanasomeka, na mengi ni ya Kihindi. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke ndani ya siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka wakiwa na fedha kidogo na mizigo michache. Kadi ni kitu kinachoingia mfukoni. Kwa msomaji aliyeko Leicester au Toronto, mwenye asili ya mtaa ule, kitovu cha picha hii hakiko barabarani kabisa. Kiko kwenye ubao wa futi chache pembeni kulia, wenye jina la babu yake. Fani ilisema: tazama barabara. Historia ikamwambia msomaji: tazama ukingo. Kwa maoni yangu hapa ndipo postikadi inapokuwa kubwa kuliko aliyeitengeneza. Kila kamera hukamata zaidi ya inavyokusudia, na kadri fani inavyokuwa kali katikati, ndivyo pembe zinavyobaki huru.

Majina nayo hupita. Hoteli iliyojengwa juu ya bustani za Nakasero ilifunguliwa mwaka 1967 ikiitwa Apolo, jina la kwanza la Rais Obote. Chini ya Amin ikawa Kampala International. Leo ni Sheraton. Jengo ni lilelile, na ukiwa na kadi za enzi zote hizo utasoma siasa ya nchi kwenye mstari wa maandishi, huku ukuta ukiwa haujasogea hata sentimita moja.

Hatua chache kutoka hapo imesimama sanamu ya Uhuru ya Gregory Maloba, Mkenya aliyesomea sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell. Ilisimamishwa mwaka 1962. Kadi zake ni za uso kwa uso, kamera chini, anga nyuma: mama amemwinua mtoto, mikono ya mtoto imepaa. Ni picha inayoeleweka kwa sekunde moja, na ndiyo maana inauzika. Sanamu yenyewe haiishi kwa sekunde moja. Mwili wa mama umezungushiwa vitambaa kuanzia chini, kama mtu aliyefungwa bandeji au aliyefungwa kamba, na ili uelewe kama anafungwa au anafunguliwa lazima uizunguke. Ukiwa mbele unaona ushindi. Ukipita ubavuni unaona kifungo ambacho bado kipo. Maloba aliweka swali ndani ya saruji, kadi ikachapisha jibu. Hili ni pungufu la fani kwa kitu chochote chenye migongo mingi.

Makumbusho ya Uganda yamepatwa na jambo la karibu na hilo. Jengo lake la Kitante, lililosanifiwa na Mjerumani Ernst May na kufunguliwa mwaka 1954, ni zuri kupigwa picha, na limepigwa sana. Ndani yake kulikuwa na utaratibu ambao Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyeanza kuyasimamia mwishoni mwa miaka ya 1940, aliupa uzito: ngoma, madinda na zeze havikuwekwa vitazamwe tu, vilipigwa. Kadi ya ngoma ni ngoma iliyonyamaza. Baganda wa zamani waliyaita makumbusho nyumba ya mayembe, nyumba ya hirizi na nguvu za mizimu, na ninaona waliyaelewa vizuri kuliko mchapaji wa kadi yeyote, kwa sababu walijua vitu vile vilikuwa na kazi kabla ya kuwa vya maonyesho. Mwaka 2019 ukumbi huohuo ulionyesha picha zilizokutwa katika hifadhi ya shirika la utangazaji la taifa, za wapiga picha wa serikali ya Amin. Zile zilijaa watu: mikutano, mahakama, wachuuzi waliokamatwa, wanawake waliopanga foleni. Ndizo kinyume kamili cha postikadi za miaka ileile. Serikali ilihitaji nyuso, mtalii alihitaji paa, na Kampala moja ikazalisha hazina mbili za picha zisizokutana.

Leo postikadi ya kuchapwa imepungua sana. Nenda kwenye vibanda vya sanaa vya Buganda Road au vile vya nyuma ya Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, utakuta sumaku za friji, fulana, ngoma ndogo za kuning'inia kwenye funguo, vikapu, mikeka, korongo wa mbao. Vingi havina cha kuhakikiwa. Lakini katikati yake kuna kadi za mkono ambazo ningependa kila mwanafunzi wa sanaa azishike: karatasi nene iliyokunjwa mara mbili, na juu yake kipande cha lubugo kimekatwa na kubandikwa, pengine pamoja na nyuzi za mgomba, kuunda umbo la mwanamke mwenye mtungi au nyumba ya msonge. Umbo lenyewe limechoka, tumeliona mara nyingi. Kinachonishika ni nyenzo.

Lubugo hutoka kwenye gome la mutuba. Fundi, ambaye kwa desturi ni wa ukoo wa Ngonge, hulibandua gome msimu wa mvua, kisha mti hufungwa majani ya mgomba ili uote gome jipya. Gome hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, za mifereji mipana kwanza, myembamba baadaye, hadi linakuwa nguo laini yenye rangi ya udongo wa tanuri. UNESCO iliitangaza kazi hii kuwa kazi bora ya urithi mwaka 2005. Pitisha kidole juu ya kadi hiyo: mifereji ya nyundo bado inahisika, na mahali gome lilipokuwa na tundu utakuta kiraka kilichoshonwa. Nguo hii huvikwa maiti. Nguo hii ndiyo pazia la Kasubi. Kwa hiyo kadi ya shilingi chache inayouzwa kwa mgeni kando ya barabara imebeba, bila kuonyesha picha ya makaburi, kile ambacho kadi za makaburi kwa zaidi ya nusu karne hazikuweza kukibeba. Haikuangalii kutoka juu. Haina kimo wala umbali. Iko mkononi mwako, na mkono ndio unaosoma. Kama nikiulizwa kadi bora ya Kampala ni ipi, nitataja hiyo, pamoja na umbo lake lililochoka, mbele ya anga zote za buluu za Kampala Road.

Na bonde? Limeingia kwenye picha hatimaye. Wapiga picha wa siku hizi, wageni na wenyeji, wameipenda stendi ya zamani ya taksi: mamia ya mabasi madogo meupe yamesongamana bondeni kama mbegu, watu wakipenya katikati. Picha hiyo iko kwenye vitabu, kalenda na simu za kila mtu. Ni picha ya kusisimua, lakini itazame vizuri uone imepigwa wapi. Imepigwa juu ya ghorofa. Bonde limekubaliwa kwa sharti la zamani, kwamba lionwe kutoka kilimani, hata kama kilima sasa ni cha zege. Makondakta wamekuwa nukta. Wale watu wa kanzu wa Namirembe wamerudi, wakiwa wengi zaidi, na kazi yao bado ni kuonyesha ukubwa.

Kwa hiyo nina maombi mawili, na yote yanatekelezeka. Kwa wenye kadi, wawe wakusanyaji, familia zilizoko ughaibuni au hifadhi kama ile ya History in Progress Uganda, ambayo tangu mwaka 2011 imekuwa ikitafuta picha kwenye albamu za watu: msizibandike kwa gundi, na mkizionyesha au kuziweka mtandaoni, onyesheni pande zote mbili. Palipo na bango, andikeni jina. Palipo na mtu na mkamjua, andikeni na yeye. Na kwa wapiga picha wa Kampala: shukeni. Simameni Kisenyi saa tatu asubuhi, kamera ikiwa kwenye kimo cha uso wa mtu, ombeni ruhusa, pigeni picha, muichape sentimita 9 kwa 14, na chini yake andikeni nani huyo na anafanya kazi gani. Kadi ya namna hiyo sijaiona bado ikiuzwa Buganda Road, na mimi ni mteja wake.